Eyasi: Ziwa chungu lililozungukwa na vitunguu

UKISIMAMA Kansay, wilayani Karatu, uko katikati ya maziwa ambayo watu huvuka bahari kuja kuyatazama. Mashariki, nyuma ya Endabash na msitu wa Marang', liko Ziwa Manyara. Magharibi ardhi inateremka kuelekea bonde la Ziwa Eyasi. Kaskazini, juu milimani, liko Ziwa Magadi ndani ya kreta ya Ngorongoro, na mbele yake Empakaai na Natron. Ni maziwa matano, yote maarufu, na hakuna hata moja ambalo mkulima anaweza kuchota ndoo akamwagilia mche wa nyanya.

Maji yake ni ya chumvi na magadi. Ng'ombe akiyanywa anaharisha, na mche ukimwagiliwa unaungua majani. Hata hivyo, kandokando ya maziwa hayo hayo ndiko kunakotoka vitunguu vya Mang'ola vinavyouzwa hadi Nairobi, na ndizi za Mto wa Mbu zinazouzwa mjini Arusha. Mgeni anayekuja kupiga picha ya maji yanayong'aa mara nyingi huondoka bila kujua maji yanayowalisha watu wa hapo yako wapi. Baadhi ya wenyeji nao wameanza kuyasahau, na hilo ni baya zaidi.

Kansay yenyewe haimo katika ramani za watalii. Ni kata ya wakulima na wafugaji, wengi wao Wairaqw, ambao katika sehemu nyingi za nchi huitwa Wambulu. Wanalima mahindi, maharage na mbaazi kwa kutegemea mvua, na wanafuga. Gari la watalii linaloelekea Eyasi huiacha lami pale Njia Panda, nje kidogo ya mji wa Karatu, likashuka kwa upande wa Oldeani hadi Mang'ola. Linaloelekea Ngorongoro hunyoosha na lami hadi langoni. Barabara hiyo ya Makuyuni hadi Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndiyo iliyougeuza mji wa Karatu kuwa mji wa hoteli. Kansay ikabaki pembeni, ikiona vumbi kwa mbali.

Kwa nini yawe ya chumvi

Maziwa haya yamo katika mabonde yasiyo na mlango wa kutokea. Eyasi hupokea maji ya Mto Sibiti kutoka upande wa Ziwa Kitangiri, pamoja na vijito vinavyoshuka kutoka Oldeani na nyanda za Karatu na Mbulu. Maji yakishaingia hayaendi baharini wala kwenye mto mwingine. Njia pekee ya kutoka ni kukaushwa na jua. Jua linachukua maji na kuacha chumvi, msimu baada ya msimu, kwa maelfu ya miaka. Ongeza juu yake majivu ya milima ya volkano yaliyojaa magadi, na hapo unaelewa kwa nini ukingo wa Eyasi wakati wa kiangazi ni mweupe kama uliomwagiwa unga.

Ziwa lenyewe ni pana lakini halina kina. Likijaa hufunika zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na bado mtu mzima anaweza kutembea mbali ndani yake maji yakiwa chini ya kiuno. Miaka ya ukame hujivuta hadi likabaki tambarare ya chumvi inayopasuka chini ya miguu, na wenyeji huenda kukusanya chumvi hiyo. Miaka ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, maji hurudi, samaki aina ya perege na kambale huongezeka, na kambi za wavuvi huchipuka ukingoni. Mfanyabiashara wa samaki wa Eyasi anapaswa kulijua hilo: biashara yake si ya kila mwaka. Aliyenunua nyavu kwa mkopo mwaka wa neema anaweza kujikuta mwaka wa pili anatandika nyavu hizo juu ya chumvi.

Maji yanatoka wapi

Jibu liko juu. Nyanda za juu za Ngorongoro, pamoja na Mlima Oldeani wenye urefu wa zaidi ya mita 3,000, hupata mvua na ukungu kuliko mabonde yote yanayozizunguka. Msitu unaofunika miteremko hiyo huyashika maji, udongo wa volkano huyanywa, nayo husafiri taratibu chini ya ardhi. Yanatokeza tena miguuni mwa mlima yakiwa baridi, safi na hayana chumvi.

Kwa upande wa Eyasi, chemchemi zinazojulikana zaidi ni zile za Qangdend, ambazo mifereji yake ndiyo inayolisha mashamba ya Mang'ola. Kwa upande wa Manyara, maji ya nyanda hizo hizo hutokeza chini ya ukuta wa Bonde la Ufa na kuustawisha ule msitu mzito ambao mgeni huukuta mara tu anapopita lango la hifadhi. Mji wa Mto wa Mbu nao hulima migomba na mpunga kwa maji ya aina hiyo. Ndani ya kreta yenyewe kuna chemchemi ya Ngoitokitok, ambapo viboko hulala na wageni hula chakula chao cha mchana, huku Ziwa Magadi lililo jirani likiwa halinyweki.

Kwa maneno mengine, msitu mmoja unalisha mabwawa ya viboko, migomba na vitunguu. Anayekata mti Oldeani hagusi kitunguu kwa mkono wake, lakini anakigusa. Na wakulima wa Mang'ola, ambao hawana sauti katika kusimamia msitu ulio juu yao, ndio wa kwanza kuona mfereji ukipungua.

Bonde la vitunguu

Mtu anayeshuka Mang'ola kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti hupata mshangao. Kwa saa nzima amepita kwenye vumbi, migunga na mibuyu isiyo na majani. Ghafla mbele yake kunafunguka kijani, majaruba kwa majaruba, na harufu ya vitunguu inaingia garini kabla hajaona hata kimoja.

Kitunguu cha hapa ni chekundu, kikali, na hudumu kikikaushwa vizuri. Aina iliyopewa jina la bonde lenyewe, Mang'ola Red, hupandwa hata mikoa mingine. Mbegu huanzia kitaluni, miche huhamishwa ikifikisha wiki sita hivi, na mavuno hufuata baada ya miezi mitatu hadi minne. Kwa kuwa maji ni ya mfereji, mkulima hafungwi na msimu mmoja. Lakini jua la Eyasi ni kali, na jaruba lililokosa zamu yake ya maji kwa zaidi ya wiki moja huonyesha mara moja: majani hupinda, ncha hukauka.

Hapo ndipo penye ugomvi. Chemchemi haikuongezeka, mashamba yameongezeka. Katika kiangazi maji hugawanywa kwa zamu, na zamu huendelea usiku kucha, watu wakitembea na tochi na majembe juu ya matuta ya mfereji. Aliye karibu na chanzo hupata kwanza. Aliye chini hupata kilichobaki, na usiku mwingine hakibaki kitu. Mashine za kuvuta maji zimeongeza tatizo, kwani mwenye mashine anaweza kunyonya mferejini nje ya zamu yake huku jirani yake amelala.

Lipo na jambo lingine ambalo halizungumzwi sana. Kitunguu ni miongoni mwa mazao yasiyovumilia chumvi kabisa. Mahindi huvumilia zaidi kidogo, na pamba huvumilia zaidi ya hayo. Shamba linalomwagiliwa kwa kufurika bila njia ya kutolea maji hujikusanyia chumvi juu ya udongo, kama ziwa dogo. Mkulima akiona weupe kwenye kingo za jaruba baada ya maji kukauka, asidhani ni mabaki ya mbolea. Hiyo ni Eyasi inapanda shambani kwake. Dawa yake ni kuchimba mitaro ya kuondoa maji, kusawazisha majaruba, na kupumzisha shamba kwa zao jingine, kazi ambazo mkulima wa kukodi hana sababu ya kuzifanya. Wengi Mang'ola ni wa kukodi, kwa msimu au kwa mwaka.

Lumbesa

Vitunguu vikishang'olewa, mnunuzi anakuja na gunia lake. Gunia hilo hujazwa, kisha hushonewa kofia ya kamba juu yake na kujazwa tena. Hiyo ndiyo lumbesa, na hakuna mkulima wa kaskazini asiyeijua. Sheria ya vipimo inataka mzigo wa mazao usizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umepiga kelele kwa miaka mingi. Kelele hizo husikika zaidi mjini kuliko shambani.

Hesabu yake ni rahisi, ila wachache huifanya kabla ya kuuza. Tuseme kila gunia limezidi kwa kilo 30. Mkulima mwenye magunia 50 ametoa bure kilo 1,500, yaani magunia 15 ya halali. Mbegu ya vitunguu hivyo ilinunuliwa, maji yake yalikeshewa, vibarua walilipwa kung'oa. Mkulima huyo huyo atamlaumu dalali kwa kupunguza bei kwa shilingi elfu moja, na kusahau magunia 15 yaliyoondoka juu ya lori bila kulipiwa.

Ushuru nao una mchango wake. Ukitozwa kwa gunia bila kuangalia uzito, kila mtu barabarani ana faida ya kulifanya gunia liwe kubwa. Mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, ikaondoa pia ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mfanyabiashara mdogo anayebeba magunia machache angefaidika na hilo, iwapo angejua uzito wa mzigo wake. Mzani mmoja wa pamoja kijijini una thamani kuliko mikutano mingi.

Watu wanne, lugha nne

Wageni wanaoshuka Eyasi hawaji kuona vitunguu. Wengi wanakuja kwa ajili ya watu.

Ni sehemu chache sana Afrika ambako makundi ya lugha yasiyo na undugu yanakutana kwenye kisima kimoja kama hapa. Wairaqw huzungumza lugha ya Kikushi. Wadatoga, ambao majirani huwaita Wamang'ati, huzungumza lugha ya Kiniloti. Wanyisanzu na wahamiaji wengine waliofuata vitunguu huzungumza lugha za Kibantu. Na Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wasiozidi elfu moja na mia chache, wana lugha yenye sauti za kudodosa ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu popote. Wote hao sokoni wanaelewana kwa Kiswahili.

Kwamba watu wameishi hapa tangu zamani sana kuna ushahidi. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alichimba ukingoni mwa ziwa na katika pango la Mumba, akapata mabaki ya fuvu la binadamu wa kale na zana za mawe. Watafiti wengine walirudi Mumba baadaye, na wamekuwa wakirudi tangu hapo.

Siku ya mgeni hufanana. Anaondoka Karatu usiku wa manane au amelala kambini Mang'ola. Kabla ya jua kuchomoza yuko kwa Wahadzabe, anawafuata vijana wenye upinde vichakani, anaona wakitafuta asali na mizizi, wakati mwingine ndege au mnyama mdogo. Saa nne asubuhi yuko kwa Wadatoga, anaangalia mhunzi akiyeyusha kufuli za zamani na vipande vya shaba kuwa bangili, na misumari kuwa vichwa vya mishale. Vichwa hivyo vya mishale si vya kuonyesha tu, kwani tangu zamani Wahadzabe wamevipata kwa wahunzi wa Kidatoga kwa kubadilishana na asali na nyama. Mchana mgeni anapita mashambani, na jioni anafika ziwani kuangalia heroe, ambao wengi huwaita flamingo, ikiwa maji yapo.

Malipo hupitia ofisi ya utalii wa utamaduni ya Eyasi iliyoko Mang'ola. Mpango wa utalii wa utamaduni nchini ulianza mwaka 1995 kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi pamoja na Bodi ya Utalii, kwa nia ya fedha za mgeni kubaki kijijini badala ya kuishia hotelini. Nia ilikuwa njema, na vijana wengi wamepata kazi ya kuongoza wageni. Ila mgawanyo ndio kazi. Kwa Mhadzabe, ambaye jadi yake ni kula kilichopatikana leo na kugawana na waliopo, noti kumi zilizoingia asubuhi hazifiki jioni. Pombe imefuata fedha hizo hadi kambini, na magenge ya wachuuzi wanaojua ratiba ya magari nayo yamefuata.

Na ardhi imekuwa ikimeguka. Mashamba ya vitunguu yalifunguliwa pale pale Wahadzabe walipokuwa wakichota maji na kuchimba mizizi. Mifugo imekula vichaka ambamo wanyama walijificha. Mgeni hulipa kuona uwindaji huku kinachowindwa kinapungua, jambo ambalo mfanyabiashara yeyote angeliita kula mtaji.

Upande wa pili wa bonde, Yaeda Chini wilayani Mbulu, mambo yalichukua njia nyingine. Mwaka 2011 Wahadzabe wa huko walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jamii nzima, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team. Baada ya ardhi kuwa na mwenyewe, ikawezekana kuuza kitu ambacho hakihitaji kukatwa wala kubebwa: hewa ukaa inayohifadhiwa na miti, kupitia kampuni ya Carbon Tanzania. Fedha zinaingia kwa jamii, zinalipa walinzi wa msitu wanaotoka miongoni mwao, matibabu na ada za shule. Mwaka 2019 Wahadzabe wa Yaeda walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Haina maana kwamba matatizo yamekwisha huko. Lakini tofauti kati ya pande hizo mbili za bonde moja ni karatasi ya ardhi.

Natron na Engaruka

Maziwa mengine ya ukanda huu yana masomo yake. Natron, kaskazini mwa wilaya ya Ngorongoro, ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliana, kwa sababu magadi yake makali huwazuia fisi na mbweha kufikia viota. Maji ambayo hayafai kwa chochote ndiyo yanayomlinda ndege ambaye wageni wa Nakuru, Bogoria na Manyara hulipa kumwona. Katikati ya miaka ya 2000 palikuwa na mpango mkubwa wa kiwanda cha magadi Natron, uliozua mabishano nchini na nje. Kampuni ya Tata Chemicals ya India ilijitoa mwaka 2008, na baadaye Shirika la Maendeleo la Taifa likaelekeza macho kwenye magadi ya Engaruka.

Engaruka yenyewe, kati ya Natron na Manyara, inafaa kutembelewa na kila mkulima wa Mang'ola. Hapo kuna mabaki ya mifereji ya mawe na majaruba yaliyoenea takriban hekta 2,000, yaliyojengwa na wakulima wa miaka mia kadhaa iliyopita kwa kutumia vijito vinavyoshuka kutoka nyanda zile zile za Ngorongoro. Walijua kupima mteremko, walijua kugawa maji, walilisha maelfu ya watu. Halafu wakaondoka. Wataalamu bado wanajadili sababu, na kupungua kwa maji ni mojawapo ya zinazotajwa sana. Mawe yao yapo, yamepangwa vizuri, na majaruba ni makavu.

Mwaka 2018 UNESCO iliitambua Ngorongoro Lengai kuwa Jiopaki ya Dunia, eneo la kilomita za mraba 11,886 linalochukua pia sehemu za Karatu. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba mawe, majivu na maziwa ya ukanda huu sasa yana jina la kuuzia, si wanyama peke yao. Jina hilo lina faida ya pekee kwa vijiji visivyo na tembo wala simba.

Na Kansay je?

Utalii si mshahara wa mwezi, na Karatu inalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2019 watalii zaidi ya milioni 1.5 waliingia nchini. Mwaka 2020, baada ya Uviko-19, walishuka hadi takriban 620,000, na hoteli za Karatu zikafunga majiko. Aliyekuwa akiwauzia mayai na mboga alirudi nazo nyumbani. Mwaka 2024 idadi ilivuka milioni 2.1, na majiko yamewashwa tena.

Zao nalo si kinga. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi za Tanzania, iliweka kikomo cha uingizaji, na wakulima wa kaskazini waliokuwa wamepanua mashamba kwa bei nzuri ya miaka ya nyuma wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Wengine waliwalisha mifugo.

Mkulima wa Kansay hana chemchemi ya Qangdend wala kambi ya kuonyesha. Anacho chakula. Vibarua wa Mang'ola, wanaoshuka kwa mamia msimu wa kupandikiza na kung'oa, hawali vitunguu. Wanakula ugali na maharage, na maharage hayastawi vizuri katika joto la bondeni. Mfanyabiashara mwenye pikipiki anayepeleka maharage na unga chini na kurudi na vitunguu, chumvi au samaki wa msimu anafanya biashara kongwe kuliko barabara ya lami. Hoteli za Karatu nazo zinahitaji maharage, mayai na kuku, ingawa zinataka kiasi kile kile kila wiki. Ndiyo maana wanaofanikiwa nazo ni vikundi. Mkulima mmoja mmoja huwa na mayai leo na hana kesho.

Anao pia udongo, na huo ndio unaomuunganisha na ziwa zaidi ya chochote. Mvua kubwa inapopiga shamba lililolimwa kufuata mteremko, udongo mwekundu hushuka na kujaza mifereji iliyo chini, na mwisho wake ni Eyasi au Manyara. Wazee wa Kiiraqw, huko Kainam walikotoka wengi, walilima kwa matuta na samadi katika miteremko mikali kuliko hii kwa vizazi vingi bila kuimaliza ardhi. Ujuzi huo haukupotea. Umeachwa kwa sababu trekta la kukodi hulima haraka zaidi likinyoosha kwenda chini, na mwenye trekta hulipwa kwa eka.

Kwa anayetaka kwenda kuona mwenyewe, miezi ya Juni hadi Oktoba barabara za Mang'ola na Kansay hupitika kwa urahisi, ingawa ziwa huwa limejivuta mbali na heroe ni wachache. Machi hadi Mei maji na ndege huwepo, lakini matope meusi ya bondeni hayana huruma na gari dogo. Kutoka Karatu hadi Mang'ola ni kilomita 50 hivi. Magari ya abiria huondoka Karatu asubuhi na mengine mchana, na siku za mnada hujaa mapema. Mwenye mzigo wa kupeleka chini apate nafasi siku moja kabla, kwani jioni malori yote yanapanda yakiwa yamejaa vitunguu.